Zoom, Classroom, WhatsApp, PhET na wenzao: maoni ya mwanachuo mwenye bando la buku

Kila mwezi wa kumi wakija watoto wa mwaka wa kwanza maswali ni yaleyale, hayo madarasa ya mtandaoni yakoje, nipakue programu gani, bando la shilingi ngapi linatosha wiki, na mi huwa najibu nusunusu nikiwa nakimbilia kipindi, sasa nimeona niandike yote mara moja anayetaka asome. Ni maoni yangu tu, na mtu mwenye WiFi nyumbani na laptopu mpya anaweza akayaona ya ajabu, huyo atanisamehe.

Maana haya mambo yanategemea sana anayeongea yuko wapi. Mi nasoma ualimu wa sayansi, Fizikia na Hisabati, mwaka wa tatu, hapa Dar, chuo sitakitaja. Likizo narudi kwetu Namtumbo huko Ruvuma. Simu yangu ni ya GB 32, laptopu nilinunua ya mtumba Kariakoo kwa hela ya boom, yani mkopo wa chuo, na betri yake ukiwa na bahati inakupa saa moja. WiFi ya chuo ipo, ila inashika vizuri kwenye vimbweta vya karibu na maktaba na vimbweta hivyo saa mbili asubuhi vyote vina wenyewe. Kwahiyo mi programu siipimi kwa uzuri wake, naipima kwa swali moja, nikikosa leo kwa sababu ya umeme au bando au foleni ya Ubungo, kesho nitalikuta somo? Zipo zinazokusubiri na zipo zisizokusubiri. Zinazokusubiri ndo nimesomea, zile nyingine nimehudhuria tu.

Nianze na zisizosubiri, Zoom na Google Meet, maana mtu ukimwambia kusoma onlaini ndo anawaza hizo. Zenyewe kama programu ni nzuri, tuseme ukweli. Zoom ya bure inawapa dakika 40 na watu 100, Meet ya bure inawapa saa nzima na watu 100 vilevile, mnaingia kwa linki, anayefundisha anaonesha slaidi, mwenye swali ananyoosha kile kimkono cha njano. Kwa kundi la watu watano sita mnaojadili asaimenti usiku ni kitu safi kabisa. Kundi letu la Sumakuumeme lilikuwa linakutana Meet saa nne usiku, kila mtu kitandani kwake na daftari, kamera zote zimezimwa, mmoja anaonesha ukurasa wa kitabu mwingine anakokotoa kwa sauti, na lile la muda kuisha lilikuwa linatusaidia, bila hivyo tungehamia kwenye stori za Simba na Yanga mpaka alfajiri.

Kasheshe inaanza pale unapoigeuza kuwa lekcha ya watu mia tatu. Chuo kinalipia akaunti kubwa, sawa, wote wanaingia, afu? Dakika kumi za mwanzo ni "mnanisikia?" "tunakusikia dokta" "dokta wengine hatusikii" "haya andikeni kwenye chati kama mnanisikia", na asiyesikia ndo hajui kama ametakiwa kuandika. Kuna mtu kasahau maiki wazi tunasikia jogoo, tunasikia konda anaita Mbezi Mbezi Mbezi, dokta anasema zimeni maiki jamani, mwenye jogoo simu ipo mfukoni wala hana habari. Afu somo lenyewe ni Hisabati. Dokta hana ile kalamu ya kuandikia kwenye skrini kwahiyo anachora kwa mausi, na kama hujawahi kuona integrali imechorwa kwa mausi basi ni kama mjusi amekanyaga wino akapita. Herufi u na v hazitofautiani, kipeo hujui kama ni kipeo au ni doa, na picha inakufikia imechelewa, sauti inasema "sasa hii inaondoka na hii" wakati kwenye skrini yako bado yuko mstari wa juu. Hii ipi na hii ipi? Darasani ningefuata kidole chake. Ukiuliza kwenye chati, swali lako linasukumwa juu na watu wanaomwaga namba zao za usajili ili waonekane wamehudhuria.

Na hapo kwenye mahudhurio ndo penye uongo mkubwa. Orodha inasoma watu kibao, ila mi naishi bwenini naona kwa macho yangu, mtu anajiunga, anaingiza simu chini ya mto, anavuta shuka. Mwingine anaenda kufua. Dokta akiita jina kimya, anaita la pili kimya, anaendelea. Sisemi ni uvivu peke yake, kusikiliza sauti inayokatikakatika kwa saa mbili huoni uso wa mtu yeyote kunachosha kuliko kusimama nyuma ya ukumbi uliojaa, na nimeshasimama sana kwenye hizo kumbi najua ninachosema.

Bando sasa. Video ya kundi inaweza kula karibu GB nzima kwa saa, kamera zikiwashwa na zaidi, yani bando la buku, shilingi elfu moja, linakuaga kabla hujafika kwenye mfano wa pili. Meet ina sehemu unachagua sauti tu, Zoom nayo unaweza ukafunga picha zinazoingia, tumieni hizo, wengi hawajui hata kama zipo. Kuna mwalimu mmoja wa Takwimu yeye alikuwa anatuma slaidi kwa CR, kiongozi wa darasa, usiku wa kuamkia kipindi, asubuhi mnaingia kwa sauti tu, anasema "twendeni slaidi ya saba, angalieni jedwali, safu ya tatu", kila mtu anafungua ya kwake. Anaongea dakika ishirini na tano, anaacha maswali, anaaga. Hiyo ndo lekcha ya mtandaoni pekee nimeielewa kuanzia mwanzo hadi mwisho na haikuwa na picha ya mtu hata mmoja. Alikuwa anatumia iafoni zenye maiki, zile za kuning'inia za elfu tano, sauti ilikuwa imenyooka utadhani yuko pembeni yako. Wengine wanaongelea kwenye laptopu iliyo mita moja kutoka mdomoni na feni juu inazunguka, afu wanashangaa kwanini tesiti tumefeli.

Mkitaka kujua kitu kisichosubiri kinavyoweza kukuacha, kumbukeni Mei 2024. Tarehe 12, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na ukanda huku wote, sisi, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, intaneti ikawa ya kuomba. Nilikuwa mwaka wa kwanza semista ya pili. Vikao vyote vya mtandaoni vya wiki ile vikafa, ila aliyekuwa na slaidi zake na madesa, yani notsi za kusomea, kwenye simu alipiga msuli wake kama kawaida na UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikamkuta yuko tayari. Na hata kabla ya hapo, Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona mi nilikuwa kidato cha nne, tukarudi mwishoni mwa Juni, katikati tukaambiwa tufuatilie vipindi vya masomo kwenye redio na TV. Kwetu redio ni ya babu. Kipindi cha Kemia kikigongana na taarifa ya habari unadhani nani alishinda?

Haya, zinazosubiri. Google Classroom ipo tangu 2014 na sijui kwanini walimu wengi wanaiogopa, ni rahisi mno. Unapewa kodi ya darasa, unaingia, unakuta kazi zimepangwa, kila moja na tarehe yake, unaandika au unapiga picha karatasi yako, unaambatisha, unabonyeza kukabidhi, basi. Kuna sehemu ya komenti ya siri kati yako na mwalimu na mi hiyo ndo nimeipenda kuliko yote, kwa mtu mwenye aibu ya kuuliza mbele ya watu mia tatu ni mkombozi. Niliandika swali langu la kijinga kabisa kuhusu vekta saa saba usiku, kesho yake mchana nikakuta nimejibiwa kwa mistari mitatu na mchoro. Faili unaweza ukazihifadhi uzisome bila mtandao. Kasoro, inakaa kwenye akaunti ya Google na nafasi ya bure ni GB 15 kwa kila kitu, imeili, picha na Drive pamoja, ukiwa na mazoea ya kuhifadhi picha za harusi za ukoo mzima huko, kazi yako itagoma kupanda.

Mfumo wa chuo chetu wenyewe sasa, hapa nitaongea taratibu. Vyuo vingi duniani vinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, iliyotengenezwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo la kwanza 2002, na ni ya bure, chuo kinaweka kwenye seva zake na kupanga kinavyotaka. Moodle yenyewe sina ugomvi nayo, inatoa maswali ya kuchagua, inasahihisha palepale, inahifadhi majibu yako kadiri unavyoendelea, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua nondo za somo ukasome nje ya mtandao. Ugomvi wangu ni na wanaoupanga mfumo pale kwetu. Kazi za kozi nne zinawekewa mwisho usiku mmoja, watu elfu kadhaa wanaingia saa tano na nusu usiku, seva inalala. Kuna kozi iliandikwa mwisho ni Ijumaa 12:00 AM. Sasa Mswahili akisoma Ijumaa saa sita usiku anaelewa usiku wa Ijumaa, amekula chakula cha jioni, ameoga, anakaa kumalizia. Kumbe ni Alhamisi ikiisha, mlango umefungwa karibu saa ishirini na nne zilizopita. Nusu ya darasa ilikwama. CR akaenda kwa dokta, dokta akasema mfumo ndo umefunga sio yeye, wa mfumo wakasema dokta ndo aliweka, tumezungushwa hapo mpaka mwishowe ikafunguliwa tena kwa siku moja. Walimu wangu wapendwa, wekeni 11:59 PM, dakika moja tu hiyo inaokoa watu.

Ila ukiniuliza elimu ya mtandaoni Tanzania inafanyika wapi hasa, nitakwambia WhatsApp. Sio Zoom, sio mfumo wa chuo, ni grupu la CR. Pale ndo unajua kipindi kimehama ukumbi, pale ndo slaidi zinafika, pale ndo mtu anapiga picha ubao. Inafanya kazi hata kwenye bando la mwisho la MB chache, kila mtu anayo, mama yako anayo. Kelele zake mnazijua, memu, matangazo ya sabuni za kuondoa madoa, mtu anauliza "jamani tesiti lini" mistari miwili chini ya tangazo la tesiti. Tulipata nafuu CR alipofungua grupu la pili la matangazo tu, ambalo yeye peke yake ndo anaandika. Kama CR wenu hajafanya hivyo mwambieni, ni kubonyeza sehemu moja.

Kilichonifaa mi zaidi kule ni voisi. Tunafundishwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, vitabu Kiingereza, ila kuelewa kunatokea kwa Kiswahili, hii kila aliyesoma hapa anajua hata kama hataki kuisema mbele ya wageni. Kuna jamaa yetu kutoka Kigoma, kichwa, ukimuuliza kitu haandiki, anatuma voisi ya dakika nne. "Sikiliza, we chukulia mkondo ni watu wanatoka Kariakoo saa kumi na moja jioni, sasa hiyo rezistansi ni lile geti la mwendokasi, geti likiwa jembamba watu wanapita wachache hata wasukumane vipi, umeelewa? Sasa ukifungua geti la pili pembeni yake..." na hapo ashakuingiza kwenye saketi sambamba bila wewe kujua. Hizo voisi nimezihifadhi, nazisikiliza kwenye daladala, narudisha nyuma pale nisipoelewa, naongeza spidi anapozunguka sana. Haziishi muda wala hazinidai kamera. Hakuna lekcha ya moja kwa moja imewahi kunifanyia hivyo.

Telegram tunaitumia kama stoo ya madesa. Uzuri wake mafaili yanakaa kwao mpaka uyaite, hayajai kwenye simu, na mwenye GB 32 ananielewa. Ukiingia mwaka wa tatu unakuta mitihani ya miaka ya nyuma imepangwa kwa kozi. Zaidi ya hapo sina cha kusema.

YouTube ni chuo cha pili kabisa na hapa siwezi kuwa mfupi. Aljebra ya mistari nilikuwa nimeipiga teke, naenda kusapu, yani kurudia mtihani, hivi hivi najiona, mpaka nikakutana na mzee Gilbert Strang wa MIT. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka kozi zake bure kwa dunia nzima, na ile kozi yake ya 18.06 ndo mfano mzuri kuliko yote. Kamera imewekwa, mzee anashika chaki, anaandika polepole herufi kubwa, anauliza "unaonaje?" anasubiri kama vile upo mbele yake. Amestaafu 2023 lakini huko kwenye video bado yuko ubaoni. Hamna slaidi wala mbwembwe, na kwasababu ni ubao mweusi na chaki, hata ukishusha ubora hadi 240p unasoma kila kitu. Watengeneza video wa kisasa sikieni hilo, rangi zenu nzuri na herufi ndogo kwenye 240p ni ukungu mtupu. Khan Academy nayo ni hivyohivyo, maandishi mwangavu kwenye giza, vipande vya dakika kumi, unajifunza kimoja unaenda kulala. Kwa Fizikia ya mwaka wa pili na kuendelea kuna video za NPTEL za Wahindi, za vyuo vyao vya teknolojia vya IIT, ndefu na kavu lakini wanakokotoa kila hatua, hawasemi "ni rahisi kuonesha kwamba" wakakuacha. Pakueni usiku kwa bando la usiku, mchana mnaangalia bure.

Sasa kipenzi changu, na hiki ningetaka kila mwalimu wa sayansi nchi hii akijue, PhET. Ni majaribio ya kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder Marekani, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, huyu alikuwa ametoka kuchukua Nobeli ya Fizikia 2001, na badala ya kukaa kula sifa akahangaika na watu wanavyofundishwa. Bure kabisa, hamna kujisajili, na mengine yametafsiriwa hadi Kiswahili. Na hiki ndo kimenimaliza, mengi unapakua kama faili moja dogo, unaliweka kwenye flashi, linafunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti. Milele. Unamrushia mwenzako kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili bila bando, mnamaliza.

Nilienda TP, mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata, kidato cha pili, mada ya umeme. Maabara ni chumba kina meza mbili na kabati limefungwa, ufunguo anao mtu aliyehama. Nikapeleka laptopu yangu ya mtumba nimeichaji kwa mwalimu mkuu, nikawapanga safu tatu, wa mbele wamekaa chini, wa kati kwenye madawati, wa nyuma wamesimama. Nikafungua ile ya kuunda saketi. Unavuta betri, unavuta waya, unavuta balbu, unaunganisha, balbu inawaka na unaona elektroni zinatembea ndani ya waya. Nikamwita binti mmoja wa safu ya mbele aongeze betri, balbu ikang'aa zaidi, elektroni zikaongeza mwendo, minong'ono ikaanza. Nikamwambia sasa toa balbu, unganisha waya kutoka huku moja kwa moja hadi huku. Betri ikawaka moto pale kwenye skrini, miali kabisa, darasa zima likapiga yowe mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Kisha nikauliza kwanini imewaka, na nakwambia mikono iliyonyooshwa ile siku sijaiona tena. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "kwasababu umeme haujakutana na wa kuuzuia." Sikumfundisha hilo neno kwa neno, kaliona.

Kasoro ipo na niliikuta kwenye jaribio la mwisho wa wiki, mmoja amechora elektroni kama vigololi vya bluu vyenye alama ya kutoa katikati, vilevile zilivyo kwenye skrini, na swali lilikuwa halihusiani hata. Na hawajawahi kushika waya wa kweli, hawajui kumenya plastiki yake, hawajui balbu iliyoungua inatikisika vipi ukiiweka sikioni. Kwahiyo ukipata betri mbili za redio na kibalbu cha tochi tumia hivyo kwanza, PhET ije baada ya hapo kuonesha kisichoonekana. Lakini ukiwa huna vyote viwili, kati ya PhET na kuwachorea saketi kwa chaki halafu wakariri, hakuna mjadala.

GeoGebra ni ndugu yake kwa upande wa Hisabati, ilianza kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter kule Salzburg, Austria, mwaka 2001. Unaandika y = ax² + bx + c, inakupa vitelezi vya a, b na c, unavuta a kwenda kwenye hasi unaona mkunjo unapinduka kichwa chini. Kitu ambacho mwalimu wangu wa kidato cha tatu alihangaika nacho kipindi kizima na rula ubaoni. Nayo inafanya kazi bila mtandao ukishaipakua.

Za akili bandia mtanisema nisipozitaja, tangu ChatGPT ije Novemba 2022 chuo kimebadilika. Msimamo wangu, itumie kuuliza "nieleze hatua hii" na usiitumie kuomba jibu, maana hizi programu zinaweza kukupa hesabu imepangwa vizuri na namba ni ya uongo, na inaongea kwa kujiamini kuliko yule jamaa wa Kigoma. Kagua vipimo, ukiona nguvu imetoka kwa mita kwa sekunde, funga. Kwa Kiswahili inajitahidi siku hizi. Insha usithubutu, Turnitin, ile programu ya kukamata kazi za kunakili, tangu Aprili 2023 inapima na maandishi ya mashine, na kipimo chenyewe kinaweza kukosea, sasa ukibishana na kipimo mbele ya kamati huna hata rasimu moja ya mkono utasema nini. Hifadhini rasimu zenu zote.

Kahoot, ile ya maswali ya mashindano kwenye simu, inachangamsha kipindi lakini ikichezwa moja kwa moja inataka kila mtu awe hewani kwa wakati mmoja, imeangukia palepale kwa Zoom. Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, ni nzuri kwa mwenye lengo na subira, msaada wa ada upo, unaomba kwa maelezo.

Kwa wadogo zenu wa sekondari, Shule Direct ina nondo za masomo yetu wenyewe kwa mtaala wetu, na Taasisi ya Elimu ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada, unasoma bure. Mdogo wangu wa kidato cha tatu anatumia simu ya mama, na mama saa mbili usiku anaitaka simu yake ya kuongea na shangazi. Tumekubaliana siku za gulio anaenda nayo steshenari pale mjini, wanamchapia kurasa za mada anayosoma wiki hiyo, ukurasa shilingi mia. Kurasa ishirini ni buku mbili, bei ya bando la siku mbili, na zile karatasi zimeshasomwa na watoto watatu wa jirani.